Mwanangu, Usipande Basi Kabla ya Baraka

Daudi mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Picha yako ya soko la Mahane Yehuda, huko Yerusalemu, imefika. Umenawiri, namshukuru Mungu. Lakini ile falafeli, vidonge vya dengu vya kukaanga, ndani ya pita, nawe umesimama pale kituoni unangoja basi: Birkat Hamazon, baraka yetu Wayahudi ya baada ya kula mkate, uliisomea wapi?

Pita ni mkate hata ikifungwa kwenye karatasi. Moja nzima inapita kiasi cha yai, takriban gramu 54, kwa hiyo kabla ya kula unanawa mikono kwa baraka. Vua pete, mimina maji mara mbili mkono wa kulia, kisha mara mbili wa kushoto, yafike kwenye kifundo cha mkono. Soma baraka kabla ya kujifuta, halafu usiseme neno mpaka umemeza tonge la kwanza. Bomba likiachwa wazi, halihesabiki kuwa ni mtu amemimina. Ndiyo maana nilikufungia kile kikombe cha kunawia, chenye vishikio viwili. Bado kiko ndani ya sanduku?

Hamotzi, baraka ya kabla ya mkate, inatosha pia kwa falafeli, saladi na tahini, ule mchuzi wa ufuta. Divai ina baraka yake hata katikati ya mlo.

Shida yako ni mwisho wa mlo. Birkat Hamazon husomwa ukiwa umeketi, palepale ulipokula, kabla chakula hakijasagika. Wengi huhesabu dakika 72. Ukikumbuka ukiwa njiani, rudi. Kama una kipande cha mkate mfukoni, kula hicho hapo ulipo, kisha usomee hapo. Na ukiwa umeshiba lakini hukumbuki kama umesoma, soma tena, maana hiyo ni amri ya Torati yenyewe, Kumbukumbu la Torati 8:10. Borei Nefashot, baraka fupi ya baada ya vyakula vingine, ukiitilia shaka, iache.

Mwalimu wako anasifu Kiebrania chako, nami natembea kifua mbele. Ila Kiebrania hicho na mikono haijanawa, cha nini?

Wali ni Mezonot, baraka ya vyakula vya nafaka, kabla, na Borei Nefashot baada, si Al Hamichya, ile ya baada ya vyakula vya ngano na jamii yake. Hapo wengi huteleza. Ndizi ni Ha'adama, baraka ya mazao ya ardhini, kwa kuwa shina lake hufa likishazaa. Embe ni Ha'etz, baraka ya matunda ya mti.

Dada yako amehamia chumbani kwako, usimgombeze. Bati la jikoni bado linavuja na fundi anasema Jumapili. Nijibu kuhusu kile kituo cha basi.

Mama yako