Usiiuze hiyo kamera

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Rehema,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, mama anakusalimu, Salim keshapona na kelele zake zimerudi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Nilikuwa nakuna nazi. Ulipofika pale "kamera naiuza, mteja keshapatikana," nikaiacha nazi kwenye mbuzi. Nakuandikia kwa sababu kwa simu utanikata kauli.

Usiiuze.

Najua umechoka. Mwaka wa ngapi huu kwenye filamu wanakupa uhausigeli, na ukitoka hapo unapewa uchawi? Na ile nafasi uliyoifanyia mazoezi wiki mbili, siku ya kurekodi wakampa mwingine bila hata kukupigia, iliniuma na mimi.

Unamkumbuka yule mama kwenye filamu ya Malawi, ya kijana wa kinu cha upepo, tuliyoitazama kwa Mama Chausiku? Uliapa kwamba ni Mmalawi, kwa jinsi anavyosema Kichewa. Basi siye. Anaitwa Aïssa Maïga, mwigizaji wa Ufaransa. Kazaliwa Dakar mwaka 1975, mama Msenegali, baba mwandishi wa habari wa Mali, akakulia Ufaransa. Kichewa alijifunza kwa ajili ya filamu ile.

Mwaka 2006 aliigiza kwenye Bamako, filamu ya Abderrahmane Sissako, ile ambayo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, zinashtakiwa uani kwa watu, huku wanawake wanaendelea kutia nguo rangi. Yeye ni Melé, mwimbaji wa baa. Akateuliwa kuwania César, tuzo kubwa ya sinema ya Ufaransa. Ungedhani baada ya hapo kazi zingemfuata mlangoni! Mwaka 2018 yeye na wenzake 15, wote waigizaji weusi wa Ufaransa, wakatoa kitabu kueleza nafasi wanazopewa na maneno wanayoambiwa. Jina lake kwa Kiswahili ni kama Weusi si kazi yangu. Wakapanda pamoja ngazi za tamasha la filamu la Cannes. Na mwaka 2020, jukwaani kwenye hizo César, akawaambia wakubwa wa sinema kwamba kila akiingia kwenye mkusanyiko wao hujikuta anahesabu weusi waliomo ukumbini. Nilipofika hapo nikakuona wewe kabisa.

Halafu akashika kamera. Mwaka 2021 zikatoka filamu zake mbili za hali halisi. Moja, aliyoiongoza na Isabelle Simonet, ni ya wanawake weusi kwenye sinema za Ufaransa, Marekani na Brazil. Ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi: kijiji cha Tatiste, Niger, binti mdogo, Houlaye, anatembea kilomita na kilomita kufuata maji, wakubwa wameenda mbali kutafuta riziki, na maji yapo chini ya ardhi hiyohiyo anayoikanyaga, yanangoja kisima kirefu kichimbwe.

Nikakumbuka Handeni, sisi wawili na ndoo kichwani, majani yanaelea juu ili maji yasimwagike, na wewe njia nzima unaigiza sauti za walimu. Halafu nikakumbuka ile video uliyompiga shangazi Tatu kisimani. Uso hauonekani. Mikono tu na kamba, na ndoo inagonga ukuta wa kisima. Nilimwonyesha mama bila kumwambia kitu, akasema, "Huyo si Tatu?" Kwa mikono tu, Rehema! Na kamera ni hiyohiyo unayotaka kumpa mtu.

Sikwambii uache kuigiza. Huyo dada mwenyewe hajaacha. Lakini ukisubiri wakupe nafasi ya kuonyesha unachokiona wewe, watakupa tena ufagio.

Kama ni kodi, niambie. Kikoba changu kinatoka wiki ijayo, utanirudishia ukipata.

Huyo mteja kashatoa kianzio? Kiasi gani, na akirudishiwa atakubali? Ile kadi yenye video ya shangazi umeiweka wapi? Utakuja lini? Mabomba yamefika hadi kwa Mzee Omari, na shangazi anasema kile kisima watakifukia kabla ya mvua. Ananiuliza: Rehema atawahi kuja kuimalizia video yake?

Wako,
Asha