Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Nyuki Wasiouma, Mashamba na Miti Mizee

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na orodha ya wanachama wapya iko kwa katibu, kwa hiyo sitagusa kazi zao. Nitautumia muda wangu kwenye swali lililokula sehemu kubwa ya vikao vyetu: tunawafuga nyuki wasiouma kwa ajili ya asali, au kwa ajili ya uchavushaji? Kamati imechagua upande, na mnastahili kujua sababu.

Nianze na asali, maana ndiyo inayowavuta wengi kujiunga nasi. Asali ya nyuki hawa ni nyepesi na ina uchachu. Maji yake mara nyingi ni kati ya asilimia 25 na 35, wakati asali ya nyuki wa kawaida haitakiwi kuzidi asilimia 20 kwa viwango vya kimataifa. Ikihifadhiwa vibaya huchacha upesi. Mwaka 2020 watafiti waliopima asali za Australia, Malaysia na Brazil walikuta ndani yake trehalulosi kwa wingi, aina ya sukari isiyopandisha haraka sukari ya damu, na tangu hapo simu za wanunuzi hazikatiki. Sina ugomvi na wanunuzi. Lakini kundi la Tetragonula carbonaria, spishi inayofugwa sana Australia, hutoa takriban kilo 1 tu kwa mwaka. Zipo spishi kubwa zaidi zinazotoa lita kadhaa, ila hazipatikani kila mahali. Mwanachama anayetaka kujaza ndoo afuge nyuki wa kawaida, na tutamsaidia kwa moyo mmoja.

Faida yenyewe iko shambani. Spishi zaidi ya 500 za nyuki hawa zimetambuliwa katika nchi za joto, nyingi zikiwa za Amerika ya Kati na Kusini, nyingine za Afrika, Asia na Australia. Wapo wenye urefu wa milimita 2 hivi, na wapo baadhi ya Melipona, jamii ya wasiouma wenye maumbo makubwa, wanaomzidi nyuki wa kawaida kwa ukubwa. Makundi yao huishi miaka mingi, na nyuki hutembelea maua ya mimea ya kila namna. Hata hivyo, kibarua mmoja katika safari moja hushikilia aina moja ya ua, na hapo ndipo chavua inapofika inakotakiwa badala ya kupotelea kwenye ua la mmea mwingine. Mnazi, mwembe, makadamia na mzingefuri ni miongoni mwa mazao yanayohudumiwa nao vizuri. Ndani ya nyumba za kuoteshea, ambamo nyuki wa kawaida mara nyingi hutapatapa akijigonga ukutani, spishi kadhaa za wasiouma hufanya kazi kwa utulivu.

Nyanya na biringanya ni habari ya peke yake. Vifuko vyao vya chavua havifunguki wazi. Chavua hutokea nchani, na nyingi haitoki mpaka ua litikiswe. Melipona hulikumbatia ua na kutetemesha misuli ya kifua bila kupiga mabawa, chavua ikamwagika tumboni pake. Nyuki wa kawaida hana ufundi huo. Ila wafugaji wa spishi ndogo wasijitie moyo bure: karibu wote wenye ustadi huu miongoni mwa wasiouma ni wa kundi hilo la Melipona.

Baadhi yenu mmeuliza kuhusu vanila. Husemwa sana kwamba Melipona ndiye mchavushaji wake kule Meksiko, lakini ushahidi ni haba, na nyuki wakubwa wa okidi wanaelekea kuwa ndio wenye kazi hiyo. Mashamba ya vanila duniani bado yanategemea mkono wa mtu, kwa njia aliyoigundua kijana mtumwa Edmond Albius kisiwani Réunion mwaka 1841. Tusiwauzie wakulima wa vanila mizinga kwa ahadi tusiyoweza kuitimiza.

Wala si kila asiyeuma ni rafiki wa mkulima. Trigona spinipes hutafuna machipukizi ya michungwa na kutoboa maua ili aibe mbochi bila kugusa chavua. Cleptotrigona wa Afrika hana haja na maua kabisa. Huvamia viota vya wenzake akapora chakula. Trigona hypogea hula nyama ya mizoga. Mafunzo ya mwaka huu yamewataja wote hawa kwa majina, na naona washiriki wametuamini zaidi kwa sababu hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililoamua msimamo wa kamati, nalo ni namna kundi linavyozaliwa. Kwa nyuki wa kawaida, malkia mzee huondoka na sehemu kubwa ya kundi na anaweza kutua mbali sana. Kwa wasiouma mambo yako kinyume. Vibarua hutafuta kwanza tundu jipya, wakaziba nyufa kwa utomvu, kisha wakawa wanahamisha nta, asali na chavua kutoka kiota cha zamani, mzigo kwa mzigo, kwa siku nyingi na pengine wiki kadhaa. Baadaye ndipo malkia kijana anapohamia, huku madume yakimsubiri nje ya tundu. Malkia mzee habanduki. Tumbo lake limejaa mayai kiasi kwamba hawezi kuruka tena.

Hapo pana mambo mawili ambayo mfugaji hawezi kuyakwepa. La kwanza, mti wenye kiota ukiangushwa, kundi halina pa kukimbilia, kwa sababu malkia hasafiri. La pili, kiota kipya hakiwezi kuwa mbali kuliko vibarua wanavyoweza kubeba mizigo. Spishi ndogo huruka mita mia chache. Melipona wakubwa hufika kilomita 2 hivi. Kichaka kilichozungukwa na eneo pana lisilo na miti, kikishapoteza makundi yake, kinaweza kukaa miaka bila hata moja kurudi, ingawa maua yamejaa. Hata upandaji wa miti michanga hautibu hilo upesi, kwani shina jembamba halina uwazi wa kulaza kundi. Mti mzee wenye tundu, ule ambao kila mtu anauona ni kuni tu, ndio rasilimali yetu iliyo adimu kuliko mizinga yote tuliyotengeneza.

Utafiti uliofanywa Costa Rica na kuchapishwa mwaka 2004 uliwahi kutupa kipimo. Mibuni iliyokuwa ndani ya kilomita 1 kutoka msituni ilizaa takriban asilimia 20 zaidi kuliko ya mbali, na nyuki wasiouma walikuwa miongoni mwa wageni wa maua hayo. Mkulima hakulipia chochote. Msitu ukikatwa ndipo anapoanza kulipa, na hata hapo huenda asijue analipia nini.

Kuhusu dawa za kuua wadudu nitasema neno moja la kifundi. Nyuki hawa hawalishi buu siku hadi siku. Vibarua hujaza kijichumba chakula chote, malkia hutaga yai juu yake, kijichumba kinafungwa, na hakifunguliwi mpaka nyuki mzima atoke. Chakula kikiwa na sumu, buu ataishi nacho mwanzo hadi mwisho. Wanaopuliza dawa wakati wa maua wafuatwe na kuelezwa hivyo, bila matusi.

Jambo la utomvu limepewa nafasi ndogo mno katika mipango yetu ya upandaji. Tunahesabu maua, tunasahau kwamba nyuki hawa hujenga kwa nta iliyochanganywa na utomvu wa miti, na huo ndio silaha yao pia, kwani mwiba wao umebaki masalia tu. Australia wameonekana wakimfunika mende mvamizi kwa utomvu, nta na tope hadi akakauka akiwa hai pale pale alipoingilia. Bustani ya maua matupu haiwatoshi.

Kutokana na hayo kamati inaleta mapendekezo mbele ya mkutano mkuu. Chama kisinunue wala kupokea kundi lililopatikana kwa kukata mti hai. Makundi yatoke kwenye miti iliyokwisha kuanguka, kwenye kugawa mizinga yetu wenyewe, au kwenye mizinga mitupu iliyopakwa gundi ya nyuki na kutundikwa karibu na viota vya asili. Wafugaji wenye makundi machache yaliyojitenga wabadilishane na majirani wa spishi ile ile, kwa sababu malkia akipandwa na dume wa ukoo wake, nusu ya mayai ambayo yangekuwa vibarua huweza kugeuka madume yasiyo na faida. Kuleta makundi kutoka mbali hatuungi mkono, maana huleta magonjwa na kuchanganya koo zilizozoea mahali pake. Na kila tawi liandae daftari la miti yenye viota, likieleza spishi na umbali wa shamba la karibu.

Spishi zinazojenga ndani ya vichuguu au kuning'iniza kiota chini ya tawi, kama Plebeina na Dactylurina, zisilazimishwe kwenye masanduku. Ziachwe zilipo, ziandikwe tu.

Najua pendekezo la kwanza litawagusa walioshika oda za makundi. Kamati inapendekeza oda hizo zipewe msimu mmoja wa kugeuzwa kuwa makundi ya kugawa, nami nitasimama nalo hata kama kura zitakuwa chache. Mwenye marekebisho ayapeleke kwa maandishi kwa katibu kabla ya siku ya mkutano, na matawi yaliyo tayari kuanza daftari la miti yamkabidhi jina la msimamizi mmoja.