YAH: Kufunga muhula wa kwanza, na ile mistari ya chokaa uwanjani

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Shule inafungwa Ijumaa hii. Fomu za matokeo mtazipata kwa walimu wa madarasa, na tarehe ya kufungua imeandikwa chini ya fomu. Naomba isomwe, maana kila mwaka wapo watoto wanaorudi wiki nzima baadaye wakidai hawakuambiwa. Michango ya chakula iliyobaki ikabidhiwe kamati, si mwalimu mmoja mmoja.

Sasa nijibu swali ambalo baadhi yenu mmeniuliza, wengine sokoni, wengine tukitoka msikitini: kwa nini darasa la tano na la sita wanaonekana wakirukaruka juu ya mistari ya chokaa saa za masomo?

Ile mistari ni Bahari ya Hindi. Mwalimu wa Historia aliichora kuanzia Ghuba ya Uajemi na Aden, ikashuka Mogadishu, Lamu na Mombasa hadi Sofala kule Msumbiji, na Kilwa yetu akaiwekea jiwe la matumbawe. Watoto wamegawanyika: manahodha wa Aden, wauza dhahabu wa Sofala, matajiri wa Kilwa. Punje za mahindi ni dhahabu, vizibo vya soda ni shanga, vipande alivyotupa fundi cherehani ni vitambaa vya biashara. Mwalimu akiita "Kaskazi!", jahazi za Aden zinateremka. Akiita "Kusi!", zinapanda kurudi kwao. Upepo ukigeuka hujaondoka, unakaa ulipo.

Watoto wa Kilwa Masoko hawana haja ya kufundishwa kaskazi na kusi. Walichokuwa hawakijui ni kwamba pepo hizo ndizo zilizoutajirisha mji wa ng'ambo, Kisiwani, ambao wanauona kila siku wakienda ufukweni. Siku ya pili ya mchezo kundi la Aden lililalamika: hawa wa Kilwa hawasafiri mbali, wanatoza ushuru tu, mbona wanashinda? Si tupite moja kwa moja hadi Sofala? Mwalimu akawaruhusu wajaribu. Walifika Sofala kaskazi imekwisha, na kabla hawajamaliza kupatana bei na kupakia, muda wa kurudi kwao ukawa umewapita. Wakakwama huko na shanga zao. Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa safari ambayo jahazi la Arabuni liliweza kwenda na kurudi kwa msimu mmoja. Kutoka hapo kwenda kusini, biashara ilikuwa ya wenyeji wenyewe. Hilo limo vitabuni kwa sentensi mbili. Naona afadhali mtoto alitambue akiwa amekwama juani.

Baada ya hapo hata Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji, hakuwa tena jina la kukariri. Wakauliza alikuja na upepo gani. Walipoambiwa kwamba mwaka 1944 sarafu za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, ramani ikapungua nafasi. Australia ikachorwa karibu na tangi la maji. Nani alizifikisha huko? Darasa la sita bado linagombana.

Mchezo ulimalizika kwa kadi ya mwaka 1505. Meli za Wareno zinaingia, Francisco de Almeida anauteka mji, punje zote zinachukuliwa na kundi ambalo halikuwa likicheza. Watoto walikasirika kweli, wengine wakasema mwalimu ameharibu mchezo. Nilimwambia asiwabembeleze.

Kuna mzazi aliyehofia kwamba tutafanya mchezo wa kila kitu. Hapana. Misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje tuliifuata kwa ramani ya ukutani, kwa kidole, darasa limekaa. Hakuna mtoto atakayepangiwa kuwa mtumwa wala mfanyabiashara wa watumwa katika shule hii nikiwepo. Vita vya Majimaji navyo vilifundishwa hivyohivyo: kutoka Nandete, Umatumbi, Julai 1905, wakapaka rangi jinsi vita vilivyoenea Lindi, Mahenge na Songea. Waliotoka familia za Umatumbi walikuwa na ya kusimulia kuliko kitabu.

Kuhusu mitihani: darasa la nne na la saba hawajapoteza hata kipindi kimoja. Hao wengine wanacheza ndani ya vipindi vya somo lenyewe.

Muhula ujao darasa la sita watavuka Kisiwani kuona magofu ya jumba la Husuni Kubwa, Msikiti Mkuu na ngome iitwayo Gereza. Fomu ya ridhaa imeambatishwa. Mtoto asiye na fomu iliyosainiwa havuki, na hakuna atakayepanda mashua bila boya la kuvaa. Naomba msije kunibembeleza siku ile gatini. Tunatafuta pia nahodha mstaafu wa kuja kuzungumza na watoto jinsi walivyosafiri kwa tanga. Kama yupo nyumbani kwenu, nitumieni habari, nitamfuata mwenyewe.

Kazi ya likizo ni moja. Kila mwanafunzi achore ramani ya mtaa au kijiji chake na aandike majina ya zamani ya visima, vijia, miamba na mabwawa, akiwauliza bibi na babu. Karatasi shule imetoa, msinunue. Na tafadhali msimchoree. Mwaka jana nilipokea ramani zilizochorwa na kaka za sekondari, nilizitambua zote.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu