Risala ya Akina Mama Wafugaji wa Ngamia kwa Mgeni Rasmi, Mashindano ya Ngamia ya Maralal

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, akina mama wenzangu, morani, waendeshaji ngamia mliotoka karibu na mliotoka ng'ambo, walimu na wanafunzi, mabibi na mabwana, itifaki ikiwa imezingatiwa: supa oleng!

Mheshimiwa, nimepewa dakika chache tu, na mwenyekiti wetu ameketi hapo mbele ameshika saa. Ukimwona ananikunjia uso, ujue nimezidisha.

Sisi ni kikundi cha akina mama tunaofuga ngamia huko nyanda za chini, upande wa Wamba, humu humu kaunti yetu ya Samburu. Tumetembea siku nne kufika hapa, na ngamia kumi na mmoja, mmoja wao akiwa na ndama ambaye hajamaliza mwezi. Usiku wa mwisho, tulipoanza kupanda huku juu, baridi ya Maralal ilitupokea kabla ya mwenyeji yeyote. Kijana wetu wa malisho alivua shuka lake, akamfunika ndama, kisha yeye mwenyewe akakesha amejikunyata kando ya moto. Leo kijana anakohoa na ndama anarukaruka. Naomba umkumbuke kijana huyo, maana nitamrudia.

Mashindano haya yalianza mwaka 1990. Mimi nililetwa na shangazi nikiwa msichana mdogo, na nakiri hatukuja kutazama mbio, tulikuja kucheka. Mgeni mmoja alipanda ngamia kwa madaha, amejifunga kofia kidevuni. Hakuna aliyemwambia kwamba ngamia huinua miguu ya nyuma kwanza. Mnyama aliponyanyuka, mgeni aliteleza juu ya shingo kama mtoto kwenye mteremko, na ngamia akaondoka peke yake kurudi alikotoka, mchungaji akimkimbilia huku ameshika kamba iliyokatika. Wakati ule ngamia kwetu walikuwa mambo ya jirani zetu Warendile. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema Msamburu bila ng'ombe ni mgeni hata kwake mwenyewe. Ngamia hakumtaja kabisa.

Mheshimiwa, ukame ndio uliotubadilisha. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 mvua zilikosa kunyesha misimu mitano mfululizo. Nchini Kenya walikufa mifugo zaidi ya milioni 2, na wewe ulizisikia habari hizo. Mimi nilizisikia kwa pua. Ng'ombe walikuwa wakianguka njiani kuelekea kisimani, tukawa tunapita tumejiziba nyuso kwa kanga. Boma letu la ng'ombe arobaini lilibaki na saba. Ngamia watatu tuliokuwa nao hawakufa hata mmoja. Ng'ombe hutafuta nyasi ameinama, na nyasi hazikuwepo. Ngamia hutazama juu, na mgunga hata ukikauka bado una kitu cha kumpa. Anaweza kukaa siku kumi bila kunywa maji na bado jioni ukapata maziwa ya watoto. Kaunti ilikuwa imeanza kugawa ngamia wa Kisomali tangu mwaka 2015, nasi wengine tulikuwa tumewapokea kwa shingo upande. Leo hakuna anayewapokea hivyo.

Naomba nieleze kidogo namna tunavyokamua, kwa sababu wageni wengi hudhani ni kama ng'ombe. Ngamia hatoi maziwa mpaka ndama aletwe anyonye kidogo. Maziwa yakishashuka, watu wawili husimama, mmoja kila ubavu, kila mmoja kwa mguu mmoja, mguu wa pili umekunjwa ili chombo kikae juu ya paja. Ni lazima kuharakisha, maana baada ya muda mfupi mama huyazuia na hata umbembeleze vipi hatoi tena. Chombo chenyewe tumekifukiza usiku kwa kijinga cha mzeituni mwitu. Ndiyo maana maziwa yetu yana ile harufu ya moshi ambayo watu wa mjini huniuliza kama yameungua.

Sasa nije kwenye kilio chetu. Kila mwaka mbio zina uwanja, kipaza sauti, vikombe na mahema. Biashara ya ngamia haina chochote. Hufanyika nyuma ya ua, kando ya barabara, vumbi tupu. Dalali humzunguka mnyama mara mbili, humfinya nundu, hutaja bei akiwa ameshageuza mgongo. Mama mjane aliyetembea siku nne atafanya nini? Kurudi naye ni siku nne nyingine. Anauza. Akishauza, mnyama hukunjwa magoti, hufungwa kamba na kubebwa na wanaume wanane kutupwa kwenye lori, kwa kuwa hakuna jukwaa la kupakilia. Mwaka juzi mmoja alivunjika mguu pale pale. Tulimchinja akiwa amenunuliwa lakini hajalipwa, na ugomvi wake haujaisha hadi leo.

Tunaomba, Mheshimiwa, siku moja kamili ya mashindano haya iwe ya mnada wa ngamia, ndani ya uwanja huu huu, bei itangazwe kwa kipaza sauti hicho hicho kila mtu asikie. Jukwaa la kupakilia ni udongo na mawe, wala si jambo la bajeti kubwa. Vijana wetu wako tayari kubeba mawe.

La maziwa ni fupi. Mwaka jana tulileta lita sitini, tukaambiwa na maafisa kwamba mitungi ya plastiki hairuhusiwi, na maziwa yakamwagwa mbele yetu. Hatupingi usafi. Tunaomba mitungi ya chuma na jokofu la pamoja la kupozea hapa mjini, tutalipia umeme kwa zamu. Na daktari wa mifugo aje na dawa ya malale ya ngamia, maana ugonjwa huo unatumaliza na ndama mmoja hutuchukua miezi 13 tumboni mwa mama yake.

Sasa namrudia kijana wangu anayekohoa. Leo mshindi atavishwa medali, na anastahili, kukaa juu ya tandiko lile kwa mwendo mrefu si mchezo. Lakini ngamia yule alifundishwa na nani kuitikia jina, kupiga magoti, kutoogopa pikipiki? Yupo mtu aliyelala naye porini tangu akiwa ndama. Leo asubuhi pale kwenye mstari nimewaona wachungaji wa Kiturkana, Kirendile na Kisamburu wakifungiana kamba za matandiko, watu ambao jamaa zao huko malishoni wana visa vyao, sisemi zaidi. Tunaomba jina la mchungaji lisomwe pamoja na la mpanda ngamia, na zawadi wagawane.

Mwenyekiti ameshasimama, naona.

Mheshimiwa, hatukuja mikono mitupu. Hii ni kengele ya mti, huvalishwa ngamia anayeongoza kundi. Ilikuwa ya jike aliyetuvusha kwenye ukame, na ukichungulia ndani utaona ulimi wake umelika upande mmoja kwa kugonga. Wengine humfuata hata gizani kwa mlio huu. Tunakukabidhi wewe. Siku ya mnada wa kwanza tunaomba uje uipige mwenyewe, ndipo tuanze kuuza.

Tunaomba kuwasilisha. Ashe oleng.