Kenneth Tynan hakuwa tusi moja tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu makala mliyochapisha Jumapili iliyopita juu ya Kenneth Tynan, mwandishi na mhakiki wa tamthilia wa Uingereza. Mwandishi wenu amejaza safu nzima kwa tusi alilolitamka Tynan kwenye televisheni ya BBC mwezi Novemba 1965, na kwa Oh! Calcutta!, onyesho la mwaka 1969 lililokuwa na waigizaji walio uchi. Uhakiki wenyewe, kazi iliyompa jina, umepewa aya moja, tena fupi. Ni kama kumsimulia mpishi kwa kutaja watu aliogombana nao sokoni.

Nilifundisha Fasihi sekondari hapa Tanga hadi nilipostaafu, na wanafunzi wangu wa kidato cha tano walisoma sentensi za Tynan nilizozifasiri mwenyewe kwa chaki ubaoni. Nilimchagua kwa sababu anakuonyesha kwanza kilichotokea jukwaani, hukumu inafuata.

Chukua Mei 1956. Tamthilia ya John Osborne, Look Back in Anger, ilifunguliwa ukumbi wa Royal Court, London, tarehe 8. Mhusika mkuu, Jimmy Porter, ni kijana msomi mwenye kibanda cha peremende sokoni. Anafoka karibu mchezo mzima, na mwanzoni mkewe yupo akipiga pasi. Wahakiki wengi waliinunia, wakaona kelele tupu. Jumapili ya tarehe 13, Tynan, kijana wa miaka 29, akaandika katika gazeti la The Observer kwamba ana shaka kama angeweza kumpenda mtu asiyetaka kuiona tamthilia ile. Akakiri kwamba huenda itawavutia wachache tu, kisha akawahesabu wachache hao: kama 6,733,000, yaani Waingereza wote wenye umri wa kati ya miaka 20 na 30! Hesabu hiyo inanichekesha mpaka leo. Ni mzaha, lakini wazee waliokuwa wakipima mchezo wa vijana kwa masikio yao walipata jibu lao.

Mwaka uliotangulia, yeye na Harold Hobson, mhakiki wa gazeti la Sunday Times, walisimama na tamthilia ya Samuel Beckett, Waiting for Godot, wakati wenzao wakiibeza. Sisemi hakukosea. Mwaka 1958 The Birthday Party ya Harold Pinter ilimpita, na safari hiyo aliyeona mbali ni Hobson peke yake.

Mmeruka pia kisa ambacho mimi nakiona kitamu kuliko lile tusi. Mwigizaji mashuhuri Laurence Olivier alikuwa amechapwa vya kutosha na kalamu ya Tynan. Ilipoundwa National Theatre, kampuni ya taifa ya tamthilia, chini ya Olivier, Tynan akamwandikia akiomba kazi. Olivier alimkubali, akaongeza kwamba yuko radhi kwa lolote litakalomwondoa kwenye lile Observer! Kuanzia 1963, kwa takribani miaka kumi, Tynan akawa msomaji wa miswada na mshauri wa michezo ya kuonyeshwa, huku akipigana na udhibiti wa Lord Chamberlain, afisa wa kasri la kifalme ambaye bila kibali chake hakuna tamthilia mpya iliyoruhusiwa jukwaani. Sheria iliyofuta mamlaka hayo ilipita mwaka 1968. Alifariki California mwaka 1980, akiwa na miaka 53 tu, kwa maradhi ya mapafu. Kuacha sigara hakuwahi kuweza.

Sasa fungueni ukurasa wenu wa burudani wa siku hiyo hiyo. Kuna habari ya tamthilia iliyoonyeshwa mjini wiki hiyo. Nimesoma jina la mgeni rasmi, hotuba yake, na rangi ya sare za kwaya. Mchezo ulihusu nini, nani aliigiza vizuri, nani alisahau maneno yake, sikuambiwa. Kama mwandishi wenu anamhusudu Tynan kiasi kile, mtumeni kwenye onyesho lijalo. Alipe kiingilio, akae viti vya nyuma na asiondoke kabla ya pazia kufungwa.

Mwalimu mstaafu,
Tanga