Upumuaji wa seli ufundishwe kwa kueleweka, si kwa kukariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kinachonisumbua kuhusu namna somo la upumuaji wa seli, yaani namna seli zinavyopata nishati kutoka kwenye chakula, linavyofundishwa katika shule zetu za sekondari. Mwanafunzi hukariri kwamba molekuli moja ya glukosi (sukari ya damuni) hutoa molekuli 38 za ATP, kemikali inayobeba nishati ya kutumiwa na seli, huandika hivyo kwenye mtihani, hupewa alama zake, kisha huondoka akiamini kuwa ATP ni ghala la nishati ya mwili.

Hiyo 38 ni hesabu ya karatasini; makadirio ya sasa ni kama 30 hadi 32, na kosa hilo ni dogo. La ghala ndilo kubwa. Akiba ya mwili imo katika mafuta na katika glaikojeni (wanga uliohifadhiwa) ya ini na misuli, ilhali ATP iliyomo ndani ya msuli unaofanya kazi kwa nguvu zote ingekwisha kwa sekunde chache kama isingetengenezwa upya papo hapo. Ndiyo maana mtu aweza kukaa wiki kadhaa bila chakula, lakini akikosa oksijeni, ambayo seli huihitaji ili kutengeneza ATP ya kutosha, kwa dakika chache tu ubongo wake huanza kuharibika, ingawa mafuta yangalimo mwilini.

Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alieleza kwamba elektroni (chembe zenye chaji hasi) zitokazo kwenye chakula, zinapopita katika utando wa ndani wa mitokondria, yaani viwanda vidogo vya nishati vilivyomo ndani ya seli, husukuma protoni (chembe zenye chaji chanya) upande mmoja, nazo protoni hurudi kwa kupitia kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia) kinachotengeneza ATP, kama maji ya bwawa la Kidatu yanavyozungusha mitambo ya umeme. Wengi walimpinga kwa miaka mingi, kabla hajatunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 1978. Baadaye ilithibitika kwamba sehemu ya kimeng'enya hicho huzunguka kwelikweli, jambo ambalo kwangu ni miongoni mwa maajabu makubwa ya uhai, na ambalo vijana wetu wengi humaliza shule bila kulisikia.

Mfano wa kulifundishia tunao mashambani. Sianidi itokayo katika muhogo mchungu hung'ang'ania kimeng'enya cha mwisho katika njia hiyo ya elektroni, kile kinachokabidhi elektroni kwa oksijeni. Protoni hazisukumwi tena, na seli hufa kwa kukosa nishati huku damu ikiwa na oksijeni na glukosi tele. Wanaovundika muhogo kwa siku kadhaa na kuuanika juani kabla ya kuusaga huiondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo, na hatari huja pale njaa inapowalazimisha watu kufupisha kazi hiyo.

Nawaomba watunga mitihani, badala ya kuuliza idadi ya ATP, wamtake mtahiniwa aeleze kwa nini sianidi humuua mtu ambaye mapafu yake bado yanavuta hewa.

Mwalimu wa Baiolojia,
Morogoro