Mabomu, maziwa na mawe ya Mukono

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka kumi na tisa bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Mlipokosea matokeo ya mpira nilinyamaza. Mlipotangaza msiba wa mtu aliye hai nilinyamaza pia, nikijua mwenyewe atawajibu. Lakini ile makala ya Jumapili iliyopita kuhusu mikataba ya kuzuia majaribio ya nyuklia imenishinda kumeza. Mwandishi wenu anasema wakubwa wa dunia walitishwa na kisa cha makombora ya Urusi yaliyowekwa Kuba, Oktoba 1962, wakaongozwa na hekima, wakakutana Moscow tarehe 5 Agosti 1963 na kutia sahihi. Hekima! Nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja. Mwanafunzi angeniletea jibu hilo ningempa alama mbili kati ya kumi, moja ya tarehe na nyingine ya mwandiko.

Kuba iliwatisha, sikatai. Ila kelele zilianza zamani. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu kisiwani Bikini, bahari ya Pasifiki. Wataalamu walitarajia megatoni sita hivi (megatoni moja ni nguvu ya tani milioni moja za baruti), likatoa kumi na tano. Wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa nje kabisa ya eneo lililokatazwa wakanyeshewa majivu meupe, na kufika Septemba mmoja wao, Aikichi Kuboyama, fundi wa redio wa chombo chao, akafariki. Japani wakatupa samaki kwa tani. Nehru, waziri mkuu wa India, alikwisha kuomba mwezi wa Aprili majaribio yasimamishwe. Walimsikiliza? Waliongeza mabomu, na mwaka 1961 Urusi ikalipua la megatoni 50. Kilichowatikisa wakubwa ni pale vumbi lilipobisha hodi kwao. Ndani ya vumbi lile mna kitu kiitwacho strontiamu-90, ambacho mwili unakidhania chokaa ya mifupa. Kinaangukia majani, ng'ombe anakula, kinaingia kwenye maziwa, mtoto anakunywa, kinajenga nyumba mifupani mwake. Sisi wa nchi ya ng'ombe hatuhitaji kuchorewa picha. Mwaka 1958 wanasayansi na akina mama wa mji wa St. Louis, Marekani, walianza kukusanya meno ya utotoni yaliyong'oka, wakayapima, wakakuta watoto waliozaliwa katikati ya miaka ya hamsini wana strontiamu nyingi kuliko waliozaliwa mwanzoni mwake. Mwanasiasa atabishana na profesa mpaka usiku wa manane, lakini mama aliyeshika jino la mwanawe atamwambia nini?

Mnaniona nimekasirika kupita kiasi kwa mambo ya miaka sitini iliyopita. Basi sikieni. Nyuma ya nyumba yangu, upande huu wa Mukono, kuna machimbo ya mawe. Siyataji jina, wenyewe wanajijua. Kwa miaka sita walikuwa wanapasua mwamba kwa baruti saa yoyote waliyojisikia, asubuhi watoto wakiwa njiani kwenda shule, Ijumaa mchana sisi tukiwa msikitini. Vumbi linatua juu ya mabati, mvua inalikokota hadi kwenye tangi, na tangi ndilo tunalonywea. Mwaka juzi jiwe lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto lilitoboa bati la jikoni likaingia kwenye sufuria ya maharage. Mke wangu alikuwa ametoka dakika ileile kuomba chumvi kwa jirani, na tangu siku hiyo hataki nimseme kwa kusahau kununua chumvi. Nikalitia jiwe kwenye gunia la unga wa posho, nikapanda boda hadi ofisini kwao. Kijana mmoja mwenye tai akaligeuza geuza, akaniuliza, "Mzee, una hakika hili ni la kwetu?" Kama kwamba mawe hutoka mbinguni yakiwa na moto! Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aliandika barua tatu, zote zina mhuri, zote zimelala. Halafu Jumamosi moja kijiwe tu, cha kutosha kiganja, kikavunja kioo cha gari la mkubwa fulani aliyekuwa anawahi harusi. Mhariri, hazikupita siku nne! King'ora kikafungwa, bendera nyekundu zikasimama, bango la saa za kupasua likachorwa kwa Kiingereza na Kiluganda. (Kiswahili, ambacho baraza la mawaziri lilikipitisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, hakikupata hata kona ya bango, na nyinyi gazeti la Kiswahili hamjaliandika hilo.) Na mwamba? Wanaendelea kuupasua, ila sasa wamehamia ubavu wa pili wa kilima, ambako barabara kuu haipiti na shamba langu la ndizi za matooke ndilo linapakana nao.

Sasa rudini Moscow. Mkataba wa 1963 ulikataza kulipua hewani, anga za juu na chini ya maji. Chini ya ardhi wakapaacha wazi, kwa sababu Wamarekani walitaka wakaguzi waingie Urusi mara kadhaa kwa mwaka, Warusi wakakataa kuvuka mara tatu wakisema huo ni ujasusi, na vyombo vya wakati ule vilipata taabu kutofautisha bomu dogo na tetemeko. Basi mabomu yakahamia ubavu wa pili wa kilima. Marekani na Urusi walilipua mengi zaidi baada ya mkataba kuliko kabla yake.

Na Afrika, ambayo makala yenu haikuitaja hata kwa bahati mbaya? Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, jangwani Aljeria, kilotoni 70, yaani nguvu ya tani elfu sabini za baruti. Nkrumah akazuia mali za Wafaransa Ghana. Januari 1961 Nigeria ikamfukuza balozi wao. Tarehe 1 Mei 1962, huko In Ekker, Aljeria hukohuko, mlima uliotakiwa kulifunika bomu ukashindwa, wingu likatoka, na mawaziri wawili waliokuja kutazama, Messmer na Palewski, wakatimua mbio na wengine wote. Waliokuwa wanaishi jangwani walikimbilia wapi, makala yenu ingetuuliza. Ufaransa haikutia sahihi Moscow, na iliendelea kulipua Aljeria mpaka 1966, karibu miaka minne baada ya nchi ile kupata uhuru.

Mkataba wa kukataza kila mlipuko ulikuja mwaka 1996. Uganda tulitia sahihi mwaka uleule na kuuridhia 2001, lakini mpaka leo haujaanza kufanya kazi kwa kuwa ni lazima nchi 44 zilizotajwa ziuridhie zote. Marekani na China hazijauridhia, na Urusi iliyokuwa imeuridhia ikafuta uridhio wake 2023. Hata hivyo masikio yake yamekwisha kutegwa dunia nzima, na moja liko hapa kwetu, Mbarara, kituo kinachosikiliza ardhi ikitikisika. Korea Kaskazini wakilipua chini ya mlima wao, mtandao huo unajua.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, wenye kituo cha Mbarara waniazime chombo kimoja kwa wiki moja tu, nikiweke kati ya choo na shamba. Mlinzi nitakuwa mimi, na chakula cha fundi juu yangu. La pili, mwandishi wenu wa hekima aje Jumanne saa tisa alasiri, wanapowasha baruti, tukae naye uani anywe maji ya tangi langu bila kuchemshwa. Kikombe nitampa mimi.

Mwalimu mstaafu,
Mukono